Habari ya Pili

Kila asubuhi, kabla ya masomo kuanza, Redio alisimama mbele ya wanafunzi waliojipanga mistari akawasomea habari. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la saba, maana msichana huyo akianza kusema hazimiki.

Jumatatu hiyo alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, Rais ameamuru jeshi liingie nchi jirani, kwa kuwa askari wa nchi hiyo wamechoma kituo chetu cha mpakani. Wanafunzi wakapiga makofi. Ya pili, wabunge wanalalamika kwamba katiba inataka Bunge liidhinishe vita, nalo halikuulizwa. Tena walinzi wa kituo wanasema moto ulianzia jikoni mwao. Hapo hakuna aliyepiga makofi.

Walipoingia darasani, rafiki yake wa dawati alibeba mkoba wake akahamia nyuma.

"Kaka yangu ni askari, yuko huko huko," alisema. "Wewe unatetea maadui."

"Simtetei mtu. Nimesoma zote mbili tu."

"Basi baki na habari zako."

Redio akabaki nazo kweli. Alikula peke yake, akarudi nyumbani peke yake kwa njia ya nyuma, na darasa zima likamnunia. Upweke ulimuuma kuliko alivyodhani. Ijumaa alikwenda ofisini kumwomba mwalimu wa uraia, msimamizi wa habari za asubuhi, ampe mwingine kazi ile.

Kabla mwalimu hajajibu, mama wa yule rafiki yake wa dawati aliingia. Alikuwa fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni.

"Wewe ndiye Redio?" aliuliza. Redio akaitikia kwa kichwa.

"Binti yangu amenisimulia, akidhani nitakuja kukugombeza. Sikiliza, mwanangu. Kijana wangu nilimfungia mkoba kwa mikono hii. Akiumia, nitataka kujua aliumia kwa sababu gani, na kama sababu yenyewe ni ya kweli. Bunge ndilo lingeniulizia hayo mapema, likarukwa. Anayeuliza hamsaliti askari. Anamjali. Usiache kusoma."

Jumatatu iliyofuata Redio alisoma habari kama kawaida. Alipofika dawatini alimkuta rafiki yake ameketi mahali pake pa zamani, macho mekundu.

"Hawajasema lolote redioni kuhusu kikosi cha kaka?"

"Bado. Nitasikiliza tena jioni."

"Njoo tusikilize kwetu," rafiki yake akasema. "Mama naye anasikiliza peke yake."