Jina Nyuma ya Shingo

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, bibi mwenye wajukuu, alipokwenda kuchorwa tatuu ya jina la marehemu mumewe. Ngozi ya mikono ilishalegea, kifuani aliona haya, basi akachagua nyuma ya shingo.

"Hapa patamfaa mzee wangu," akamwambia mchoraji, akalala kifudifudi.

Herufi ya mwisho ilipokwisha, umeme ukakatika na mashine ikanyamaza. Gizani akasikia ulimi mzito, wa uvuguvugu, ukimlamba damu shingoni taratibu, herufi kwa herufi.

"Koma, mshenzi wewe!"

"Unamwambia nani, mama?" mchoraji akauliza kutoka uani. "Mimi niko huku nje naangalia umeme."

Karibu na sikio lake kitu kikameza funda, kisha kikaendelea kulamba.