Aliyepika Dali Nyeusi

— Jasbir, nani amepika hii dali?

Mama yake alikuwa ametua Minneapolis mchana huo kutoka Kisumu, Februari ya 1996, na koti alilonunuliwa bado amelifunga hadi shingoni. Jasbir akajikuna ndevu.

— Nimenunua, Mama. Kuna restaurant ya Wahindi hapa Fridley.

Jikoni, Kemunto aliacha kuosha sufuria, akasikiliza. Choroko zile nyeusi alikuwa amezichemsha tangu asubuhi kwa moto mdogo, akazikoroga na tangawizi na siagi. “Ukinikana mbele ya mama yako, tumemalizana,” alikuwa amemwambia Jasbir, na hakuwa anatania.

— Na huyo kwa jikoni?

— Huyo... ni msichana wa kazi.

Jamani! Mwanamume mzima wa kilemba na ndevu!

Kemunto akatoka, machozi yakimlengalenga.

— Karibu, Mama. Mimi naitwa Kemunto. Kazi yangu iko Anoka, kwa nursing home, si hapa. Mwanao alinivisha pete Krismasi.

Mama akamkazia macho.

— Wewe unajua hii dali? Huko Punjab nyanya yangu alikuwa naweka kwa moto ya mavi ya ng'ombe mpaka asubuhi. Kwa temple tunapikia kila mtu, tajiri, maskini, wote wanakaa chini line moja.

— Najua, Mama. Basi yetu ya shule iliharibika Makindu, tukaingia temple ya Masingasinga. Mlinipakulia bila kuuliza mimi ni nani. Leo nimewapikia mimi, na mwanao ameficha jina langu.

— Mama, niliogopa utakasirika, Jasbir akadakia.

— Nimekasirika! Mimi sikutaka wewe kuoa nje, hiyo nasema wazi. Lakini mimi sikukufundisha kula chakula ya mtu halafu unamkana.

Akavua koti, akaketi chini kwenye zulia.

— Kemunto, kaa hapa na mimi.

Kemunto akasita, kisha akaketi. Jasbir naye akakunja magoti.

— Wewe bado! Pakulia sisi kwanza. Halafu sema huyu ni nani.

Jasbir akapakua kwa haraka, dali ikamwagikia zulia.

— Mama, huyu ni Kemunto. Ndiye ninayetaka kumuoa.

Kemunto akavuta sahani yake karibu, hakumtazama.

— Nimesikia. Wacha nishibe kwanza, ndio nikujibu.