Mokami na Waya wa Skana

Kila asubuhi, baada ya uji, Mokami alikuwa akisuuza kikombe chake kwenye bomba la nje ya bweni, kisha anachukua fimbo yake nyeupe na kushika njia ya darasani. Hakuhitaji kushikwa mkono. Kokoto zikianza kulia chini ya viatu, alijua amefika uwanja wa paredi. Moshi wa jikoni ukibaki nyuma na kelele za wavulana zikisikika mbele, basi darasa la sita liko karibu.

Mokami alitoka Nyakunguru, wilayani Tarime. Surua ilimpofusha macho akiwa mdogo. Sasa alikuwa akisoma shule ya bweni huko Morotonga, jirani na mji wa Mugumu. Wanafunzi wasioona walikaa darasa moja na wenzao wanaoona, ila walikuwa na chumba chao cha vitabu vya nukta nundu, chini ya uangalizi wa Mwalimu Bernadetha.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache mno. Mara nyingi Mokami alilazimika kumsubiri rafiki yake Rukaya amalize kazi zake ndipo amsomee. Ndiyo maana siku shule ilipoletewa mashine ya kusoma, alishindwa hata kula chakula cha mchana.

Mashine hiyo ilikuwa skana iliyounganishwa na kompyuta ndogo. Mwalimu Bernadetha alimshika mikono na kumfundisha. Unalaza kitabu kifudifudi juu ya kioo, unapapasa pembe mpaka ikae sawa na ukingo, unafunika, unabonyeza kitufe. Skana ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Kompyuta ilinyamaza kidogo, ikiyatambua maandishi, kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusoma kitabu cha Kiingereza, sentensi baada ya sentensi.

"Mwalimu, inasoma yenyewe!" Mokami alisema.

"Inasoma, lakini wewe ndiye unayeiamuru," mwalimu alimjibu akicheka. "Ukitaka irudie, inarudia. Haichoki wala haina haraka ya kwenda kucheza."

Kuanzia hapo, kila alipopata nafasi alikuwa chumbani humo na hedifoni masikioni. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Akiiwekea kitabu cha Kiswahili, mashine ilitamka maneno kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Mokami alizoea, akawa anaelewa hivyo hivyo. Hakumwambia mwalimu. Aliogopa ataonekana mtoto asiye na shukrani, anayepewa kitu kizuri na bado analalamika.

Siku moja Mwalimu Zablon, aliyefundisha Kiswahili, aliwapa darasa la sita jaribio la ufahamu. Alimruhusu Mokami kuingia na mashine ile. Mokami aliweka karatasi kwenye kioo, akavaa hedifoni, akabonyeza. Katikati ya kazi kiwiko chake kilivuta waya wa hedifoni ukachomoka, na sauti ikatoka nje, kubwa, darasa zima likaisikia.

"Wakyulaima walimpa babyu maijai."

Karatasi yenyewe iliandikwa kwamba wakulima walimpa babu maji. Kisha kicheko kikalipuka kama mahindi kwenye chungu cha moto.

"Mura!" Waitara, mvulana wa dawati la nyuma, alipaza sauti kwa Kikurya, kama aitaye kijana mwenzake. "Jamani, nipeni na mimi maijai, nina kiu!"

Mwalimu Zablon aligonga meza. "Nyamazeni! Mashine inajitahidi." Lakini masikio ya Mokami hayakuwa ya kudanganywa. Ndani ya sauti ya mwalimu naye, chini kabisa, alikisikia kicheko kilichobanwa.

Uso ukamwaka kama aliyesogezewa kaa la moto. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Maijai. Maijai kwenye foleni ya uji, Maijai bombani, Maijai kwenye paredi.

Siku chache baadaye, jioni, alikuwa peke yake kwenye chumba cha vitabu. Alikuwa amewasha skana, akasikia nyayo dirishani na watu wakinong'ona. "Maijai yumo! Subirini, ataongea Kizungu sasa hivi." Mokami hakufikiri mara mbili. Alichomoa waya wa umeme wa skana, akauviringisha, akauficha ndani ya sweta. Alipofika bwenini akauchomeka chini kabisa ya tranka lake, katikati ya kanga na sare. Alijiambia kwamba mashine isipowaka, hakuna atakayecheka.

Kesho yake Mwalimu Bernadetha aliutafuta waya mpaka akachoka. Aliwakusanya wanafunzi wote wasioona.

"Jana nani alikuwa wa mwisho kutoka humu?"

"Nadhani ni mimi, mwalimu," alijibu Yassini. Yassini alikuwa wa darasa la nne, mtoto wa Mzee Lukmani, fundi cherehani wa Mugumu mjini. Hakuwa na muda mrefu shuleni, na hakuna aliyeipenda mashine ile kuliko yeye. "Nilifagia baada ya chakula cha mchana, nikapeleka karatasi jalalani. Labda... labda niliuzoa na takataka."

Takataka za jana zilikuwa zimeshachomwa.

Mokami alisimama hatua mbili tu kutoka kwa Yassini. Akarudi nyuma hatua moja, akamwacha ajilaumu.

Mwalimu alizunguka maduka ya Mugumu, akamwomba hata dereva wa bodaboda aendaye Nyamongo na Tarime aulizie. Nyaya zilipatikana, lakini hakuna ulioingia kwenye tundu la skana ile. Mashine ikafunikwa kitambaa.

Mokami alidhani sasa atapumua. Wapi! Kila alipofungua tranka kutoa sare, vidole vyake viliugusa waya. Akaanza kuomba sare za Rukaya, akisingizia kwamba zake hazijakauka. Na Rukaya, ambaye sasa alimsomea kila siku mpaka sauti ikakauka, hakuuliza kitu. Wema wake ulimwumiza Mokami kuliko kelele za Waitara.

Mchana mmoja Rukaya alimjia mbio. "Umesikia? Yassini yuko jalalani. Ameingia shimoni, anapekua majivu kwa mikono. Ameshajikata na kipande cha chupa, na bado hataki kutoka."

Mokami aliketi kitandani. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwona mtoto yule moyoni mwake, amepiga magoti, akipapasa majivu ya baridi kutafuta kitu kisichokuwemo. Hata hivyo aibu ile ile iliyopasa kumwinua ndiyo iliyomgandisha. Akisema leo, watamwitaje? Mwizi? Mwongo? Maijai lilikuwa jina dogo tu.

Ijumaa Mzee Lukmani alikuja shuleni. Mokami alikuwa barazani, na mlango wa chumba cha vitabu ulikuwa wazi.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua," fundi alikuwa akisema. "Amenipigia kwa simu ya matroni, analia. Anasema ameharibu mali ya shule, hawezi kukaa na watu tena."

"Mzee Lukmani, hakuna aliyemfukuza. Mtoto huyu ana akili. Akirudi nyumbani atasoma nini huko?"

"Sitaki kubaki, baba," Yassini alisema. "Begi langu liko tayari."

Mokami aligeuka, akaenda bwenini, fimbo ikigonga huku na huku. Alifungua tranka, akauchukua waya. Njiani wazo lilimjia. Kwa nini aseme ukweli wote? Aseme ameuokota nyuma ya kabati, basi, mambo yaishe na hakuna anayeumia.

Aliingia chumbani. "Shikamoo baba. Shikamoo mwalimu. Nimeuona waya."

"Umeuona?" Yassini alidondosha begi. Alimjia akipapasa hewa, akamkumbatia kiunoni. "Asante, dada Mokami! Asante sana! Mungu akubariki. Ulikuwa wapi? Kumbe sikuuchoma!"

Mikono iliyomshika ilikuwa na bandeji. Mokami aliisikia ikimkwaruza kiunoni. Uongo aliokuwa ameuandaa ukamtoka kichwani wote.

"Usinishukuru," alisema, machozi yakimtiririka. "Sijauokota. Niliuchukua mwenyewe, nikauficha kwenye tranka. Ni mimi, Yassini. Tangu siku ile ni mimi."

Mikono ile ikamwachia.

"Ulikuwepo mwalimu alipouliza," Yassini alisema polepole. "Ulikuwepo. Kwa nini uliniacha nipekue majivu?"

Mokami alisimama tu, ameinamisha kichwa, waya ukining'inia mkononi.

"Mokami," Mwalimu Bernadetha aliita. Hakupaza sauti. "Kwa nini?"

Ndipo akaeleza yote: mashine inavyotamka, jaribio la Kiswahili, vicheko, jina la Maijai, nyayo za dirishani. Mwalimu aliupokea waya mkononi mwake.

"Sauti ile ni ya Kiingereza," alisema. "Mimi nilikusikia ukisomewa Kiingereza tu, sikujua kwamba inakiharibu Kiswahili. Ungeniambia siku ya kwanza ningempigia simu mtaalamu aliyeifunga. Kosa la kutouliza ni langu. Kosa la kumwacha mdogo wako abebe mzigo wako ni la kwako, na utalirekebisha mbele ya shule nzima."

Mzee Lukmani alimshika mwanawe mkono, wakaenda nyumbani kupumzika mpaka Jumatatu.

Jumapili mtaalamu huyo alimwelekeza Mwalimu Bernadetha kwa simu, na kwa mtandao wa mjini Mugumu akaiwekea kompyuta sauti ya Kiswahili. Mokami alipoambiwa aijaribu, alibonyeza kitufe kwa hofu. Sauti ilisoma ukurasa mzima, kavu kidogo, lakini kila neno likiwa mahali pake. Furaha aliyoitarajia haikuja. Kumbe jambo lililomtesa siku zote hizo lilitaka maneno machache tu.

Jumatatu, Mzee Lukmani alimrudisha Yassini wakati wa paredi. Mokami alisimama mbele ya shule nzima. "Waya haukupotezwa na Yassini," alisema. "Niliuficha mimi kwa sababu niliona aibu kuchekwa. Nikamwacha abebe lawama yeye. Yassini, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Kutoka mistari ya nyuma Waitara alikohoa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na sisi tulikosea, mwalimu. Tulikuwa tunamchungulia dirishani."

Paredi ilipovunjika, Mzee Lukmani alimsogelea Mokami, mkono wake ukiwa begani kwa mwanawe.

"Binti, Ijumaa nilikukasirikia sana," alisema. "Nikaenda nyumbani, nikaketi kwenye cherehani, hasira ikanigeukia mimi. Yassini alipopoteza macho, nilimfungia ndani mwaka mzima. Wateja wakiuliza, nasema mtoto yuko kwa bibi yake. Niliogopa watasema nini. Wewe ulificha waya, mimi nilimficha mwana." Akamwinamia mwanawe. "Yassini, sijawahi kukuomba radhi. Leo nakuomba."

Kisha akawageukia wote wawili. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu nayo ni maradhi. Ukiificha, haikuumizi peke yako. Inatafuta mtu dhaifu zaidi yako na kumwangukia yeye. Mtu akikucheka, useme. Ukikosea, useme siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajalipa."

"Nimesikia, baba," Mokami alisema.

Siku kadhaa zilizofuata Yassini alipita karibu na Mokami bila kumsalimu, naye Mokami hakumlaumu. Kila jioni alifika chumba cha vitabu mapema, akaondoa kitambaa, akaifuta skana vumbi, akamwachia Yassini kiti na kuketi pembeni na kitabu chake cha nukta nundu.

Mpaka jioni moja skana ilinguruma, ikasoma nusu mstari, ikanyamaza. Yassini alipapasa kioo, akashusha pumzi.

"Dada Mokami," aliita. "Ukurasa umekaa upande. Njoo unishikie."