Chupa Ishirini na Nne za Haradali

Kisa hiki alinisimulia mwenyewe aliyepatwa nacho, mwaka jana, mchana mmoja wa mvua, tulipokuwa tumekaa tukichambua maharage. Siku hizi ni mtu mzima na ana watoto wawili. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtaani kwao walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Kila siku Chiriku alipotoka shule alivua sare, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akaingia jikoni kumsaidia mama yake. Mama huyo alikuwa dobi kwa miaka tisa. Sabuni ilimla mikono hadi ngozi ikapasuka, ikawa inatoka damu akikamua shuka moja tu. Daktari akamwambia, "Ukiendelea kufua, mikono hii itakufia." Ndipo akaanza kutengeneza haradali, ile ya kupaka kwenye mkate na nyama. Mpishi wa hosteli ya wauguzi, ambaye wote walimwita Mzee Mwiko, aliionja akaagiza chupa ishirini na nne. Ikiwapendeza wauguzi, atakuwa anaichukua kila mwezi. Isipowapendeza, Mama atarudi kwenye beseni la kufulia. Njia ya tatu haikuwapo.

Haradali si kazi ngumu, ila haitaki ujanja. Mbegu husagwa, na ule unga hukorogwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Husubiriwa dakika kumi, mpaka ukali uanze kupanda puani. Hapo hutiwa siki, chumvi na asali kidogo. Siki ndiyo inayoushika ule ukali usitoroke, na ndiyo inayozuia kuoza. Chupa nazo huchemshwa, kisha huachwa zikauke zenyewe bila kuguswa na kitambaa.

Siku ya kazi Mama alisaga na kukoroga, kisha akatakiwa kuwahi zahanati kufungwa vidonda.

"Mwanangu, mshale mrefu wa saa ukifika hapa, tia siki yote iliyomo kwenye dumu, koroga, jaza chupa, funga."

"Mama, hiyo naifanya hata nikifumba macho."

"Yafumbue."

Mama hajafika mbali, wenzake Chiriku wakaanza kuita nje. Walikuwa wanaruka kamba.

"Chiriku, zamu yako inapita. Au umeota mizizi huko jikoni?"

"Nakuja, msinichezee zamu yangu."

Akalinyakua dumu kwa mkono mmoja. Likamponyoka. Siki yote ikamwagika sakafuni, ikakimbilia kwenye tundu la maji machafu kama iliyoitwa. Chiriku akatazama saa. Duka la siki lilikuwa mwendo wa saa nzima, na unga ulikuwa hausubiri. Basi akachota maji ya ndoo, yasiyochemshwa, akayatia mahali pa siki. Chupa zilikuwa bado na unyevu, akazifuta kwa kitambaa cha vyombo. Akajaza, akafunga, akatoka kuruka kamba.

Mama aliporudi, alisimama mlangoni akavuta pumzi. Sakafu nzima ilikuwa inanuka siki.

"Jikoni kunanukia kazi," akasema. "Ahsante, mwanangu."

Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kusema. Hakusema.

Chupa zilipangwa kwenye sanduku la mbao, zikafunikwa, zikae gizani wiki mbili zikolee. Siku ya tano Chiriku alifunua akakuta vifuniko vimefura. Akafungua kimoja. Kikatoa pumzi kama mtu aliyechokozwa, na juu ya haradali palikuwa na utando mweupe. Tangu hapo, kila alipotoka shule na Mama akiwa ameenda dukani, alifungua chupa zote moja moja ili hewa itoke, akakwangua ule utando kwa kijiko, akafunga tena. Kesho yake vifuniko vilikuwa vimefura vilevile. Akawa hali chakula, na akiulizwa swali darasani anajibu lingine.

"Chiriku wangu, nani amekukata ulimi?" Mama akamuuliza.

"Nimechoka tu, Mama."

"Vumilia. Tukishapeleka hizi, mimi na beseni tumeachana."

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo.

Siku ya kupeleka ikafika. Mama alivaa gauni lake zuri, wakabeba kikapu kila mmoja. Njia nzima Mama alikuwa anacheka peke yake. Chiriku kila akiiona nguzo ya umeme alijiambia, nikifika pale nasema. Nguzo zikaisha, wakaingia jikoni kwa Mzee Mwiko.

Mzee Mwiko alikuwa mnene, mwenye aproni iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Mezani palikuwa na mikate iliyokwisha kukatwa.

"Karibu, Mama Chiriku. Leo wauguzi themanini wanaingojea hii. Lakini naanza mimi, nikianguka wataniokota." Akafungua chupa, akachota kijiko, akakielekeza mdomoni.

Chiriku aliacha kikapu akamdaka mkono.

"Mtoto, huo ni mkono wangu, si mpini wa mlango."

"Usile, Mzee. Mbovu. Zote mbovu." Na sauti iliyokuwa imejificha siku zote hizo ikatoka yote kwa pamoja: siki, maji ya ndoo, kitambaa, vifuniko.

Mama alikaa juu ya gunia la viazi. Alimtazama mwanawe, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Chiriku alitamani apigwe.

Mzee Mwiko akanusa kijiko. "Ukali umeondoka, uchafu umebaki," akasema, akakiweka chini.

Mama akainuka polepole. "Nisamehe, Mzee. Nimekuletea chakula ambacho mimi mwenyewe sikukionja. Hilo ni kosa langu, si la mtoto." Akashika vikapu vyote viwili, akaanza kutoka. Vilikuwa vizito, na kidonda cha kidole gumba kilikuwa kimefunguka.

"Mama Chiriku," Mzee Mwiko akaita. "Wapo walioniletea vibovu, wakanitazama nikila. Wewe una mtoto wa kunidaka mkono. Rudi baada ya wiki mbili. Ila nitaonja kila chupa, na huyu ataonja kabla yangu."

Jioni ile walichimba shimo wakaimwaga haradali yote. Chiriku aliosha chupa zote peke yake, akamkataza Mama kugusa maji. Mbegu zilizobaki zilitosha. Walisaga, wakasubiri dakika kumi zote bila kuondoa macho kwenye saa, wakatia siki waliyokwenda kununua. Wiki mbili Chiriku alikagua vifuniko kila siku, akiwa na Mama pembeni. Havikufura.

Walipopeleka, Chiriku akaonja, machozi yakamtiririka. Mzee Mwiko naye akaonja, akajifuta macho kwa aproni.

"Hii inauma kama mkwe," akasema. "Mwezi ujao leteni thelathini."

Waliporudi ilikuwa mchana. Mama akakaa mkekani, akamvuta mwanawe karibu.

"Siki ikimwagika, mwanangu, tunatafuta nyingine. Hilo lingetugharimu siku moja. Ulipoficha, tulipoteza wiki mbili, na tulikaribia kuwapa watu themanini maradhi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Ukikosea, njoo uniambie siku ileile. Nitakasirika, ndiyo. Hasira yangu itapoa, lakini chakula kibovu hakirudi kuwa kizima."

"Nimesikia, Mama."

"Na mimi nitaonja kabla ya kupeleka. Sote tumejifunza."

Mama akajinyoosha akalala palepale, viganja vimefunguka, vidonda vimeanza kufunga. Chiriku alimfunika shuka, akajilaza kando yake. Alitaka kuanza porojo zake tena, lakini alipofungua mdomo tu, usingizi ukamchukua.