Karatasi Kumi na Mbili za Jado

"Nani njo alikuletea hii karatasi?"

"Bwana yako."

"Bwana yangu nani?"

"Uwera, usinitese. Uko na mabwana ngapi? Jado!"

Uwera alisimama mbele ya meza ya kukandia, unga umempanda hadi viwikoni. Belise, mwenzake wa zamu ya asubuhi, alikuwa akilia kimyakimya, kitenge kimemfunika mdomo.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba Belise, mwanachama wa kiwanda cha mikate cha Dusangire, amempa Jado sauti yake katika mkutano mkuu wa Alhamisi, aipigie kura atakavyo.

"Aliniambia, mutoto yako iko mugonjwa, we hautafika, tia sahihi nikusaidie. Nikatia. Jana Verediane ananiambia naye ametia. Ingabire naye. Tukahesabiana, Uwera. Tuko kumi na mbili."

"Kumi na mbili?"

"Na yeye Jado, kumi na tatu. Kati ya watu makumi mbili na mbili."

Uwera akakaa juu ya gunia la unga.

Dusangire hakukuwa na bosi. Miaka minane iliyopita mwenye kiwanda alifunga mlango akauhama mji wa Gisenyi bila kumuaga mtu, na wafanyakazi wakabaki nje kama vifaranga waliochukuliwa mama yao. Mukagasana, mama yake Uwera, ndiye aliyesema: tanuri tunalijua sisi, si yeye. Wakaliwasha. Tangu siku ile kiwanda kikawa cha wote wanaokifanyia kazi, kila mtu na sauti moja. Mkono wa mfagiaji ulikuwa na uzito sawa na mkono wa mwenyekiti. Kiongozi walimchagua wao, mishahara walipanga wao, na mkate wao ulivuka mpaka kwenda Goma kila alfajiri ukiwa vichwani mwa wanawake.

Gakwaya alikitamani. Alikuwa na malori ya viazi ya Bugeshi, hoteli kando ya ziwa na kituo cha mafuta, na bado jicho lake lilikuwa juu ya kiwanja kile cha njia ya mpakani. Mara tatu alituma watu kukinunua. Mara tatu mikono ilimwambia hapana; ombi lake la nne lilikuwa la mkutano wa Alhamisi.

Na lililomchoma Uwera si Gakwaya. Lililomchoma ni kwamba mwezi wa tatu, yeye mwenyewe, mwenyekiti, ndiye aliyewasimamia wenzake mpaka wakapitisha sheria ya karatasi hizo. Wazo lilitoka kwa Jado, dereva wao wa kusambaza mikate. "Wagonjwa na wanaojifungua nao ni watu," alimwambia. "Juu ya nini wapoteze sauti?" Uwera aliona huyu ana moyo wa dhahabu. Siku hiyohiyo alikubali kuwa mkewe.

"Usiambie mutu," alimwambia Belise.

"Hata maman yako?"

"Zaidi yeye. Nitamuongelesha Jado mwenyewe."

Ilikuwa Jumatatu. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

*

Walikutana mchana ufukweni, kwenye ukuta wa saruji. Jado alifika na tabasamu lake lile, shati jeupe, manukato.

"Chérie, umekonda. Ni harusi ile inakukula?"

"Jado, Gakwaya anakulipa tangu lini?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Liliondoka polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Nani amekuambia?"

"Jibu."

"Bon. Tangu zamani, mbele ya kuingia Dusangire."

"Mbele ya kunijua?"

"Ndiyo."

"Donc, basi alikutuma kwangu."

"Alinituma ku kiwanda. Kwako nilijituma."

"Usinichekeshe."

"Unataka kweli? Chukua kweli." Jado akageuka kumtazama. "Ile siku ya kwanza niliona mwanamuke iko na unga mpaka mu nyusi, ananuka chachu. Nikajisemea, huyu njo mulango ya kuingilia. Mutu mwingine angekuangalia, Uwera? Uko na miaka makumi tatu na mbili. Nani alikuwa anakuja kwako?"

Uwera alihisi maneno yale yakimwingia kama sindano ya meno, pale pasipo na ganzi. Hakulia.

"Na sasa?"

"Sasa nakupenda. Unaona ujinga? Nilikuja kuiba mulango, nikaipenda nyumba."

"Kama unanipenda, pasua zile karatasi."

Jado akatazama ziwa.

"Pasua, Jado. Tuoane hata kesho. Sitaambia mutu."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, Uwera aliona haya. Lakini alikuwa ameyasema, na alimaanisha.

"Siwezi. Gakwaya amenipatia voiture, gari ya kwangu, amenionyesha na nyumba. Mais sikia: utakuwa directrice, mukubwa wa kiwanda! Amekubali. Utachagua watu kumi wabaki, wengine waende."

"Nichague mimi?"

"Wewe unawajua."

"Na maman?"

"Maman amechoka. Apumuzike."

Uwera alishuka ukutani, akaondoka bila kugeuka. Angeweza kwenda moja kwa moja tanurini akapiga kelele. Hakwenda. Jumanne hakusema, Jumatano hakusema. Kila simu ilipolia alitumaini ni Jado anamwambia amepasua. Kadi za harusi zilikuwa zimeshafika Goma kwa shangazi zake, gauni lilikuwa kwa fundi. Mapenzi ni kidonda, na yeye alikuwa akilamba cha kwake huku nyumba za wenzake zikiungua.

Jumatano jioni Jado alikuja nyumbani kama kawaida, akala, karatasi hakuzitaja, akaomba simu ya Uwera kidogo, eti yake imeisha umeme.

*

Alhamisi asubuhi viti vilipangwa baina ya tanuri na magunia. Walifika watu kumi tu, Jado akiwa wa kumi, bahasha mkononi. Afisa wa vyama vya ushirika alikaa kando na daftari lake.

"Wengine wako wapi?" Mukagasana aliuliza. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, mkono wa kushoto una kovu la tanuri.

"Kila mutu iko na shida yake," Jado akasema. "Walinipatia sauti zao. Hizi hapa."

Akaziweka mezani. Kumi na mbili. Uwera akachukua simu, akampigia Belise, akaweka sauti ya juu.

"Belise, uko wapi?"

"Bibi arusi! Si tuko hapa ku hoteli, tunakungojea? Tumevaa mishanana, tuko na Fanta, we haufiki!"

"Hoteli gani?"

"Ya Gakwaya. Wewe njo ulituandikia jana: 'Mkutano umesukumwa wiki ijayo. Mufike saa tatu ku hoteli, tutayarishe harusi.' Haikuwa wewe?"

Uwera alimtazama Jado. Harusi yao. Alikuwa amechukua harusi yao wenyewe akaifanya mtego.

"Belise, mukutano iko sasa hivi. Wanauza kiwanda. Mukimbie."

"Mana yanjye, Mungu wangu!"

"Tuanze," Jado akasema haraka. "Saa imepita. Afisa, karatasi ziko sawa ao haziko sawa?"

"Ziko sawa," afisa akajibu. "Ila mwenyewe akifika kabla ya kura, karatasi yake haina kazi."

"Basi mimi njo mwenyekiti," Uwera akasema, "na bado sijafungua mukutano."

Alishika kengele mkononi bila kuipiga. Jado alipiga simu nje mara mbili, akarudi na jasho. Baada ya robo saa, pikipiki zikaanza kuingia uani moja moja, na wanawake wakashuka wamevaa mishanana ya harusi, ya waridi, ya kijani, ya dhahabu, wengine viatu mkononi. Verediane alikwenda mezani, akatafuta karatasi yake, akaipasua usoni pa Jado.

"Sauti yangu iko mu mudomo yangu," akasema. "Haiko mu bahasha yako."

Kura ya kuuza ilipata mkono mmoja, wa Jado. Kura ya kumtoa Jado uanachama ilipata mikono yote iliyobaki. Watu wakaanza kupiga vigelegele.

"Ngoja," Mukagasana akasema. "Bado."

Akamgeukia binti yake.

"Uwera, zile karatasi hazikukushangaza. Ulijua tangu siku gani?"

Vigelegele vikafa. Uwera angeweza kudanganya. Belise alikuwa ameinamisha kichwa, asingemtaja.

"Tangu Jumatatu, mama."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Siku tatu. Tulikanda pamoja siku tatu, ukaniangalia mu macho. Ulikuwa unangojea nini?"

"Nilikuwa nangojea abadilike."

"Na asingebadilika?"

Uwera akaiweka kengele mezani.

"Waliotia sahihi walidanganywa," Mukagasana akasema. "Wewe ulijua. Naomba kura. Uwera atoke mu chama."

"Maman Uwera, huruma kidogo," mtu mmoja akasema nyuma.

"Gakwaya angetuonea huruma? Inua mikono."

Akainua wa kwake kwanza, ule wenye kovu. Mikono ikafuata mmoja mmoja, kwa uzito, kama inanyanyua ndoo za maji. Belise akalia, naye akainua. Kumi na watatu wakataka atoke, saba wakakataa. Uwera aliihesabu mwenyewe, akaitangaza mwenyewe, kwa sababu bado ilikuwa kazi yake. Kisha akavua aproni na kutoka.

*

Getini Jado alikuwa amesimama na simu sikioni. Sauti ya Gakwaya, ile ya mtu aliyekulia Tanzania, ilisikika hadi nje.

"Kijana, acha funguo za gari kwa mlinzi wa kituo cha mafuta. Na hotelini kwangu usikanyage."

"Patron, nipe wiki moja..."

"Sikujui."

Simu ikakatwa. Jado akamtazama Uwera, macho mekundu.

"Wamekutoa na wewe?"

"Wamenitoa."

"Sasa tumebaki wawili. Uwera, nakuapia, leo siko na patron, siko na uongo. Twende Goma, tuanze ku sifuri. Nakupenda kweli."

"Najua."

"Donc?"

"Jumatatu ungesema hivyo, ningekufuata hata bila viatu. Ulingoja mpaka kila mutu akakutupa, njo unikumbuke. Mimi siko takataka ya Gakwaya."

"Uwera!"

"Kadi za harusi uliandika wewe. Zunguka wewe, uambie watu harusi haiko."

Akavuka barabara. Usiku ule ujumbe wa Jado ulifika mara kumi na moja. Wa mwisho ulisema: "Hautapata mwingine." Uwera akaufuta, akaifungia namba yake.

Mukagasana alirudi jioni akinuka moshi wa tanuri. Alipika maharage, akapakua sahani mbili, akaisukuma moja mbele ya binti yake.

"Kula."

"Uliinua wa kwanza, mama."

"Niliinua. Kule niko mwanachama. Hapa niko mama yako. Kula, inapoa."

Uwera akala, machozi yakimwangukia sahanini, na mama yake hakuyafuta wala hakuondoka.

"Mutu aliyetolewa anaweza kuomba tena?"

"Mwaka moja ikipita. Unaandika barua, tunapiga kura."

"Utaniinulia mukono?"

Mukagasana alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Nitaona," akasema.