Sufuria Ilikuwa Wapi?

"Sema sufuria ilikuwa motoni. Basi."

"Haikuwa motoni, Rumen, na wewe unajua."

"Kichwa kigumu kama bibi."

"Afadhali kichwa kigumu kuliko domo kubwa."

Kalina aliishia hapo, maana daktari alikuwa ameshaingia uani kwa bibi yao, Stoyanka. Hapo hapo juzi, Kalina na binamu yake Rumen walikuwa wakimsaidia bibi kupika lyutenitsa, ule mchuzi mzito wa pilipili hoho ambao kila nyumba hapa kwao hupika Septemba. Mdogo wake Kalina, Zdravka wa miaka mitatu, akaungua mguu. Sasa yuko hospitali, anaendelea vizuri.

Daktari Velikova hakuja na dawa. Alikuja na tepu ya kupimia na daftari. Kalina akashangaa: daktari gani anapima uwanja badala ya mgonjwa?

"Ni jicho baya tu, binti yangu," alisema Bibi Stoyanka. "Mtoto alisifiwa mno. Andika hivyo."

"Nitaandika, mama. Lakini sufuria ilikuwa wapi?"

"Motoni," Rumen akadakia.

Daktari akapima kutoka mlangoni hadi jikoni pa uani. "Msimu huu wameungua watoto kumi na saba. Wote naambiwa ni motoni. Basi tutashauri watu wazungushie moto uzio."

Kalina akautazama moto, akautazama mlango. Uzio ungemsaidia nini Zdravka? Lakini akisema, bibi atajua kosa ni lao.

"Bibi alipotoka kidogo, tuliipua," akasema. "Tukaiweka chini hapa mlangoni, tukafuata chupa za kutilia mchuzi. Zdravka akatoka mbio."

Rumen akamkata jicho.

Daktari akafuta mstari, akaandika mwingine. "Sikuja kutafuta mkosaji, Kalina. Natafuta mahali. Mkinidanganya mahali, nitaweka uzio pasipo na hatari, na mwakani ataungua mtoto mwingine. Sufuria ikiipuliwa, iende mezani, mbali na ukingo. Na hao kumi na sita, itabidi nikawaulize upya."

Bibi alimgeukia mjukuu wake.

"Ungeniambia juzi, ningekuchapa," akasema. "Nawe ungekuwa umefanya vizuri vile vile. Donka hapo jirani ameipua sufuria yake sasa hivi, na wajukuu wake wako uani."

"Kaiweka wapi?" Kalina akauliza.

"Nenda kaangalie."

Kalina akageuka, akaondoka kwa haraka kuelekea kwa jirani.