Kisomeo cha Kwenda Saza

Tabita alikuwa anachambua kahawa peke yake.

Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa wa baridi, kama ilivyo kijijini Itaka msimu wa mavuno. Kahawa ya maganda ilikuwa imetandazwa juu ya chanja, meza ndefu ya miti na wavu. Tabita alitoa punje zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Alizitupa kwenye kopo. Tak. Tak. Hakukuwa na sauti nyingine uani.

Zamani haikuwa hivyo. Yeye na mumewe Boazi walijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni kanisani. Baada ya hapo wakaanza desturi yao. Mmoja alichambua kahawa, mwingine alisoma kitabu kwa sauti. Wakichoka, walibadilishana. Majirani waliwatania: "Kahawa ya Boazi imesoma kuliko watoto wetu!"

Sasa Boazi alikuwa mlinzi wa mgodi mmoja wa dhahabu huko Saza. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Miezi mingine hakurudi. Mtoto wao Lusubilo alikuwa fundi magari Tunduma. Vitabu vyao vililiwa na mchwa. Kiti cha Boazi kilibaki upande wa pili wa chanja. Kuku mmoja alikuwa amekizoea.

Lusubilo aliona mama yake amekuwa mpweke. Akamtumia kishikwambi, ile simu pana kama sahani. "Mama, angalia tamthilia," alisema. "Nyumba itachangamka."

Siku ya kwanza nyumba ilichangamka kweli. Tabita alicheka peke yake mpaka akajishangaa. Siku ya pili picha zilisimama. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Kilizunguka, kilizunguka. Tabita alidhani amekiharibu. Aliona haya kumwambia mtoto. Lusubilo alipopiga simu kuuliza, alijibu, "Kizuri sana, mwanangu."

Siku moja alikitoa nje, akakiweka pembeni ya chanja. Labda kitaamka, aliwaza. Juani kioo kilikuwa cheusi. Alipoinama hakuona tamthilia. Aliona uso wake mwenyewe na wingu moja nyuma yake. Akakifunga kwenye kitenge, akakirudisha sandukuni.

Jioni hiyo Boazi alipiga simu. Kambi yao ilikuwa bondeni. Ili apate mtandao, ilimbidi apande kilima.

"Umekula?" Boazi aliuliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula. Kahawa?"

"Inakauka."

"Haya."

Kila siku maneno yalikuwa hayo hayo. Tabita alisikia upepo wa kilimani ukivuma kwenye simu. Alidhani mumewe ataaga.

"Mama Lusubilo," Boazi alisema taratibu. "Jana bosi alinipa karatasi ya zamu niwasomee wenzangu. Nilisimama nayo kama mgeni. Ikabidi nimpe Rabson asome."

"Miwani yako je?"

"Siyo miwani. Huku hakuna cha kusoma. Herufi zinanitoroka."

Usiku huo Tabita hakupata usingizi upesi. Alikumbuka darasa la jioni. Alikumbuka jinsi Boazi alivyolia siku alipoandika jina lake bila kusaidiwa. Je, yote hayo yapotee kwa kukaa getini?

Asubuhi alikwenda dukani kwa Zakia. Zakia alikuwa mfanyabiashara kutoka Ujiji. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu Itaka. Kila Alhamisi alikwenda Tunduma kufuata mzigo.

"Shikamoo, mama," alisema Zakia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeuza kahawa ya kwanza. Nataka uniletee kishikwambi kutoka Tunduma, kama kile alichonitumia Lusubilo. Nimpelekee Baba Lusubilo."

"Nitaleta, mama. Ila nikuulize kidogo. Huko anachaji wapi?"

"Kuna jenereta. Huwashwa jioni. Wanaume wazima wanagombea soketi kama vifaranga."

Zakia alicheka. "Na mtandao?"

"Mpaka apande kilima."

"Mchana anakaa ndani?"

"Getini. Juani kutwa."

"Basi swali moja tu limebaki. Baba anataka kuangalia, au anataka kusoma?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Tabita hivyo. Hata yeye hakuwa amejiuliza.

"Kusoma," alisema. "Mimi naogopa asije akasahau kusoma."

"Kesho nitakuja kwako na kitu," alisema Zakia. "Na wewe toa hicho cha Lusubilo. Tukitazame juani."

Kesho yake Zakia alifika chanjani. Tabita alimfukuza kuku, akamkaribisha kwenye kiti cha Boazi. Zakia akaanza kuchambua kahawa bila kuombwa. Alitoa punje nzuri akaacha mbovu.

"Weeh!" Tabita alicheka. "Utanitia umaskini! Toa hizi zenye matundu."

"Samahani, mama. Kwetu tunajua mawese na dagaa."

Kisha Zakia alitoa kifaa chembamba, chenye rangi ya kijivu. Kilikuwa kama ukurasa wa gazeti la zamani. "Hiki ni cha kusomea vitabu tu," alisema. "Mimi nakiita kisomeo."

Tabita alikipokea kwa vidole viwili. "Mbona kimepauka hivi? Kinaumwa?"

"Hakiumwi. Weka vyote viwili juani."

Tabita aliviweka juu ya chanja. Kishikwambi kilionyesha wingu na uso wake. Kisomeo kilionyesha maneno, meusi na makali, kana kwamba yamechapwa kwenye karatasi.

"Hakina picha za kutembea," Zakia alieleza. "Hakiimbi. Ukitaka tamthilia, hiki siyo chako. Lakini hakili chaji kama simu. Ukisoma kidogo kila siku, chaji inakaa wiki na wiki. Vitabu ukishaviweka, havihitaji mtandao. Na herufi unazikuza unavyotaka. Tazama."

Herufi zikawa kubwa. Tabita aliweka kidole chini ya neno la kwanza, kama walivyofundishwa darasani. Alisogeza kidole. "Mfu-ga nyu-ki a-li..."

Ukurasa uliruka.

Alirudi mwanzo, akasogeza kidole tena. Ukurasa ukaruka tena.

"Kinanikimbia!" alisema Tabita. Sauti yake ilibadilika. "Unaona? Mimi na vitu hivi hatupatani. Na Boazi naye husoma kwa kidole. Atakitupa mtoni."

Zakia alitazama kile kidole. Yeye alisoma tangu utotoni. Hakuwahi kuliona tatizo hilo.

"Mama, hujakosea," alisema. "Kioo hiki kikiguswa hugeuza ukurasa. Kumbe kinamsumbua anayesoma kwa kidole; hilo sikulijua mpaka uliponionyesha. Vipo vingine vyenye vitufe pembeni, na kioo chake unaweza kukizuia kisisikie kidole. Tutafute hicho. Twende wote Alhamisi."

Tabita alishika kazi yake tena. Baada ya muda aliuliza, "Na wewe jioni unasoma nani akisikiliza?"

"Hakuna," alisema Zakia. "Watu wananunua chumvi, wanaondoka. Nasoma, halafu namsimulia mwanangu Yassir kwenye simu. Yuko kwa bibi yake Ujiji. Siku hizi anasinzia kabla sijamaliza."

Tak. Tak. Wakachambua.

Alhamisi walikwenda Tunduma. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka mbali. Njiani Zakia alimwambia Lusubilo kwa simu ya Tabita kwamba watapita gerejini kwake, awashe waifai.

Muuzaji wa duka la kwanza alikuwa na maneno mengi. "Mama mkubwa, chukua hiki! Kina rangi zote, kinaimba, kina kamera mbili!"

"Mume wangu hataki kuimbiwa," alisema Tabita. "Leta tukione juani."

Muuzaji alicheka, lakini alikileta nje. Tabita aliona uso wake. Akakirudisha.

Duka la pili walikuta kisomeo kilichotumika. Kilikuwa na vitufe pembeni. Zakia alipokiwasha, kikataka nywila ya mtu mwingine.

"Hiki tukiache," alimwambia Tabita. "Kimefungwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza. Hatujui kama alikiuza au kiliibwa. Kifaa kilichotumika, hakikisha kwanza jina la zamani limefutwa mbele yako."

Duka la tatu walikipata. Vitufe pembeni. Kioo kinazuilika. Kina taa yake ndogo ya usiku. Tabita aliweka kidole, akasoma mstari mzima. Ukurasa ulitulia. Alisoma mstari wa pili bila sababu yoyote, kwa raha tu.

Gerejini, Lusubilo alipangusa mikono, akawapa soda. Tabita alitoa kishikwambi kwenye kitenge. Mwishowe alisema ukweli.

"Kumbe bando liliisha!" Lusubilo alishika kichwa. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniambia ni zawadi. Mtu halalamikii zawadi."

Lusubilo aliinamisha macho. "Nilikupa kitu sikukuuliza utakitumiaje. Nisamehe, mama."

"Hakijaharibika," alisema Zakia. "Kitakaa nyumbani, ndani, jioni. Tamthilia moja kwa moja kutoka mtandaoni hula bando haraka. Hapa kuna waifai, basi tuzipakue ziingie humu kabisa. Tuchague picha za ubora wa kati, zisijaze nafasi. Nyingine huisha muda wake baada ya siku kadhaa, kwa hiyo pakua zile utakazoangalia karibuni. Na mtu akivuka mpaka kwenda Nakonde, nyingine hugoma. Mimi iliwahi kunikuta. Tena huku mpakani simu yaweza kudaka mtandao wa ng'ambo ikala salio. Ukiwa huku uzime huduma ya kutumia mtandao wa ng'ambo."

Wakapakua tamthilia tatu. Zakia alizima mtandao. "Usiondoke kabla ya kujaribu," alisema. Mbili zilifunguka. Ya tatu ilianza kuzungusha kiduara.

"Yule adui!" alisema Tabita.

Wakawasha mtandao, wakaipakua tena mpaka mwisho.

Halafu wakatafuta vitabu. Zakia alisisitiza viwe vya Kiswahili, vilivyotolewa kwa halali, na maneno yajipange upya herufi zikikuzwa. Kurasa zilizopigwa picha hazifai kwa macho yaliyochoka. Kitabu cha mfuga nyuki anayemtafuta dada yake walikiweka mara mbili: kwenye kisomeo cha Boazi na kwenye kishikwambi cha Tabita.

Boazi alirudi Jumamosi ile. Alikitazama kisomeo, akakigonga kwa kucha.

"Mama Lusubilo, umeniletea kibao cha kukatia nyama?"

"Kaa kwenye kiti chako."

"Hiki kimekufa."

"Kaa, mzee. Soma."

Boazi alikaa. Jua lilimwangukia begani. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alikwama. Akarudi. Tabita hakumsaidia. Alichambua kahawa na kungoja, kama zamani. Neno la tano Boazi alilitamka vizuri. Mwishoni mwa ukurasa alibonyeza kitufe. Akafika ukurasa wa tatu kabla ya kukumbuka kwamba chai yake imepoa.

"Huyu mfuga nyuki ni mjinga," alisema. "Kwa nini hakuuliza njia?"

"Soma utajua," alisema Tabita.

Jumatatu Boazi aliondoka. Kisomeo alikitia kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya vumbi, akakiweka katikati ya nguo.

Kiti kikawa kitupu tena. Siku ya kwanza Tabita hakuweza kukitazama. Lakini alasiri Zakia alifunga duka mapema, akaja na kigoda chake mwenyewe. Kile kiti hakukikalia. Alisoma kwa sauti, Tabita akachambua. Zakia alipochoka, walibadilishana. Punje mbovu sasa alizijua. Siku nyingine alimpigia Yassir simu, naye akasikiliza kutoka Ujiji.

Usiku ulibaki mrefu. Tabita hakujidanganya. Tamthilia ilipokwisha, nyumba ilinyamaza kama kawaida. Ndipo alipofungua kitabu cha mfuga nyuki, akasoma kidogo kidogo mpaka usingizi.

Wiki mbili zikapita. Jioni moja Boazi alipiga simu. Upepo wa kilimani ulivuma.

Hakuuliza kama amekula. "Umefika wapi?" alisema haraka haraka.

"Sura ya sita. Amefika kwenye mto, halafu..."

"Usiniambie! Mimi niko ya nne. Na leo karatasi ya zamu nimesoma mwenyewe. Rabson anadai nasoma kwa sauti kama mchungaji."

"Ulisoma yote?"

"Yote. Majina yote." Alishusha sauti. "Mama Lusubilo."

"Naam."

"Usiendelee mbele. Nisubiri hapo mtoni."

Simu ilikatika. Tabita alikaa kitandani na kishikwambi mapajani. Alitamani sana kujua kilichotokea kwenye ule mto. Kidole chake kilikuwa karibu kabisa na ukurasa unaofuata.

Akakifunga, akalala. Alikuwa anamsubiri mtu, na mtu huyo alikuwa njiani.